Je, Mzazi Anawajibika Kumnunulia Kiwanja Mtoto Aliyekwishakuwa Mtu Mzima?

 

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, hasa wa pembezoni mwa Kinondoni na Temeke, limo moja linalokuja kwa sura nyingi. Baba amepata kiinua mgongo, au mama ameuza shamba alilorithi, na kijana wao mwenye mke na watoto bado anahama chumba hadi chumba. Je, wamsaidie kupata pa kukaa? Na wakimsaidia yeye, wale wengine je?

Kwa wenzetu wa Ulaya swali hili huwa ni la malipo ya mwanzo ya nyumba: mzazi anatoa sehemu, benki inatoa iliyobaki. Hapa kwetu mikopo ya nyumba ni ya wachache, na mingi katika hiyo ina riba. Mlango wetu wa nyumba ni kiwanja. Kijana akishapata kiwanja Chamazi, Mbande, Toangoma, Bunju au Mabwepande, mengine huja kidogo kidogo: mwaka huu tofali, mwakani msingi, kisha pagale linakaa miaka likingoja bati. Kinachomshinda wengi ni hatua ile ya kwanza, kwa kuwa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, dalali anataka ya kwake, na akiba inaishia hapo kila mara. Wazee waliochukua viwanja katika ule mradi wa Serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kule Bunju, Mbweni, Kibada na Toangoma, wanajua bei waliyolipa wakati ule na wanaiona bei ya leo. Basi kijana anapomwendea mzazi, tusimwone kuwa ni mvivu kabla ya kumsikiliza.

Pamoja na hayo, kisheria jibu la kwanza ni kwamba si wajibu. Mtoto wa kiume aliyebaleghe, mwenye afya na uwezo wa kuchuma, nafaka yake haimlazimu baba, na kumnunulia ardhi ni zaidi ya nafaka. Makazi ya mke yako juu ya mumewe, kama ilivyobainishwa katika Suratu Ttwalaaq, wala si juu ya baba mkwe. Asiyeweza kuchuma kwa maradhi au ulemavu ana hukumu nyingine: huyo akiwa hana kitu na mzazi ana uwezo, matumizi yake yanaendelea kumlazimu mzazi hata akiwa na miaka arubaini.

Lisilokuwa wajibu linaweza kuwa jambo jema sana. Sa'd bin Abi Waqqaas (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipougua akataka kutoa mali yake nyingi sadaka, Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimwekea mpaka wa theluthi, na akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wake wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wanaowanyooshea watu mikono. Mwenye uwezo akimwinua mwanawe angali hai, akamwona anatulia na familia yake, huo ni wema na ana ujira wake. Tatizo haliko katika kusaidia. Liko katika namna tunavyosaidia, na hapo ndipo ndugu wa tumbo moja wanapofika mahali pa kutosemeshana.

Uadilifu baina ya watoto

Kisa cha Nu'maan bin Bashiyr (Radhwiya Allaahu 'anhumaa), kilichopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, ndio msingi wa mlango huu. Baba yake alimpa zawadi ya mtumwa. Mama yake, 'Amrah bint Rawaahah, hakuridhika mpaka Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ashuhudie. Mzee Bashiyr alipokwenda, aliulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Akasema hapana. Mtume akakataa kuwa shahidi, akamwamrisha amche Allaah na awafanyie watoto wake uadilifu, na Bashiyr akaenda akairudisha ile zawadi. Tuangalie kwamba aliyeleta jambo hili mbele ya Mtume ni mama wa mtoto aliyependelewa. Alitaka zawadi ya mwanawe iimarike, na uchunguzi ule ndio ulioivunja.

Wanachuoni wa Kishafi, ambao ndio wengi wetu tunafuata madhehebu yao katika pwani hii, wanasema kusawazisha ni Sunnah na kupendelea ni makruhu, ila hiba yenyewe inasihi. Mahanbali wanasema kupendelea bila sababu ni haramu, na baba anatakiwa ama airudishe au awape wengine mpaka walingane. Kwa namna tulivyoona mambo yanavyoharibika majumbani, tunamnasihi mzazi achukue kauli hii ya pili kwa nafsi yake, hata kama ya kwanza inamwachia nafasi.

Ama binti, jamhuri ya wanachuoni wanasema katika zawadi za uhai anapewa sawa na kaka yake, na mgao wa mwanamume mara mbili ni wa mirathi. Imaam Ahmad anaona zawadi nayo ifuate mgao wa mirathi. Hakuna katika hawa anayesema binti asipewe kitu kwa kuwa "ataolewa, atakaa kwa mume". Neno hilo tunalisikia sana, na linasahau kwamba anayerudi nyumbani na watoto watatu na mabegi baada ya talaka, mara nyingi ni huyo huyo binti.

Je, kila shilingi ihesabiwe? Hapana. Kinachotolewa kwa haja si sawa na zawadi. Mmoja akilipiwa matibabu Muhimbili, si lazima mwenye afya naye apewe kiasi hicho. Mmoja akitolewa vyombo nje kwa kukosa kodi, baba akamlipia miezi sita, hiyo ni kuondoa dhiki, na wengine wakifikwa na dhiki hiyo watatendewa vivyo hivyo. Kiwanja ni jambo jingine, kwa kuwa ni mali inayobaki na kupanda thamani. Imepokewa kwa Imaam Ahmad ruhusa ya kumhusisha mtoto mmoja kwa sababu ya kweli kama maradhi, wingi wa wanaomtegemea, au kushughulika na elimu. Mwenye sababu ya namna hiyo na awaite watoto wote awaelezee mwenyewe. Wakiridhia hali wana akili timamu na bila kushurutishwa, jambo limekuwa jepesi.

Neno bila makabidhiano

Hapa ndipo penye migogoro mingi, na tutakawia kidogo.

Mzee anasimama uani, anaonyesha kwa mkono: "Kuanzia mnazi ule hadi ukutani ni pa Juma." Kila mtu anasikia. Miaka kumi inapita, mzee anapangisha mabanda yaliyopo hapo na kodi anapokea yeye. Anafariki. Juma anasema pale ni pangu, baba alinipa. Dada zake wanasema pale ni mirathi.

Abu Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhu) alikuwa amempa binti yake 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) wasaki ishirini za tende katika mali yake iliyokuwa sehemu iitwayo Al-Ghaabah. Hakuzichuma wala kuzikabidhi mkononi mwake. Mauti yalipomkaribia, kama alivyopokea Imaam Maalik katika Al-Muwattwa, alimwambia kuwa hakuna ambaye angependa zaidi awe na uwezo baada yake kuliko yeye, na kwamba lau angezichuma na kuzichukua zingekuwa zake. Lakini siku ile zimekuwa mali ya warithi, yaani kaka zake wawili na dada zake wawili, wagawane kwa Kitabu cha Allaah. Ikiwa Abu Bakr hakuliacha hilo kwa 'Aaishah, sisi tutaliacha kwa nani?

Kwa Mashafi, hiba inakuwa na nguvu ya kufunga kwa kukabidhiwa kwa idhini ya mtoaji. Katika ardhi na nyumba, kukabidhi ni mtoaji kuondoa mkono wake: atoe vitu vyake, amwachie mtoto atumie, apangishe, ajenge kama mwenye mali. Basi katika mfano wetu, mzee aliyeendelea kupokea kodi mpaka kufa hakukabidhi, na dada zake Juma wako katika haki.

Kwa desturi ya serikali zetu, jambo hili lina upande wa karatasi pia. Andikeni hati ya zawadi yenye vipimo na majirani wa kila upande, mashahidi waadilifu watie saini, na ofisi ya serikali ya mtaa ijue. Kama kiwanja kina hati miliki au leseni ya makazi, uhamisho wa jina ufanyike ofisi za ardhi. Na kama eneo hilo ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mmoja kuitoa bila ridhaa ya mwenzake. Hili baadhi ya wazee wetu huliona ni la kisasa, ilhali mama naye huenda alichangia tofali zile kwa pesa za vitumbua.

Tahadhari moja: kumpa mrithi ukiwa katika maradhi ya mauti hakuhesabiwi zawadi ya kawaida. Kunachukua hukumu ya wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie. Kuitwa mwenyekiti wa mtaa kitandani kwa mgonjwa wiki ya mwisho hakubadilishi hukumu hiyo.

Kuazima, kukopesha na kushirikiana

Si kila msaada uwe hiba. Baba anaweza kumwambia mwanawe ajenge chumba uani akae mpaka atakapojiweza. Hiyo ni ariya, yaani kuazima, na ardhi inabaki ya baba. Alichojenga mtoto kwa pesa yake ni chake, wala ndugu hawana ruhusa ya kukila. Baba akifariki, ardhi inaingia mirathini, na jengo linafanyiwa tathmini: warithi wamlipe thamani yake, au wakubaliane kiwe sehemu ya fungu lake. Stakabadhi za saruji na bati zitunzwe, kwani baada ya miaka kila mtu atakumbuka kwa namna yake.

Anaweza kumkopesha. Aayah ya deni katika Suratul Baqarah, ambayo ndiyo aayah ndefu kuliko zote katika Qur-aan, imeamrisha kuandika, na haikumtoa baba na mwana. Deni litarudi kwa kiasi kile kile bila nyongeza. Baba akifa kabla ya kulipwa, linakuwa sehemu ya mali ya warithi. Mtoto akitangulia, linalipwa kabla mali yake haijagawanywa. Akitaka kumsamehe mmoja, tunarudi kwenye uadilifu, kwa kuwa kusamehe deni ni kutoa.

Njia ambayo haitumiki sana, na sisi tunaipenda, ni ushirika. Kiwanja ni milioni kumi. Baba anatoa sita, kijana anatoa nne, na wanaandika kuwa asilimia sitini ni ya baba. Kijana anaweza kuinunua sehemu ya baba kidogo kidogo kwa bei watakayokubaliana. Kiwanja kikifika milioni ishirini na baba akafariki, milioni kumi na mbili ndizo za mirathi na nane ni za kijana, na hakuna wa kumwita mwenzake mwizi. Kwa hali hii mzazi amemsaidia mmoja bila kuwapunja wengine.

Ama kuchukua mkopo wa riba kwa jina la mzazi, kwa kuwa mstaafu hupewa kwa wepesi, hatuoni njia ya kuuhalalisha kwa haja hii. Zipo taasisi zinazofanya miamala ya Kiislamu, ikiwemo Amana Bank iliyoanza mwaka 2011. Waulizeni masharti yao, na msome mkataba wote kabla ya saini.

Mzazi asijimalize

Kuna wazee waliouza nyumba Magomeni au Mwananyamala, wakawagawia watoto pesa, kisha wakawa wageni wa kuhamahama kwa hao watoto. Nyumba unayolala ndani yake, nafaka ya mkeo, madeni yako na matibabu ya uzee vinatangulia. Aliyetimiza uwezo wa Hijja na bado hajahiji, faradhi yake ina haki zaidi kuliko kiwanja cha mtu mzima. Na pesa iliyowekwa "ya kumjengea mtoto" bado ni yako mpaka uitoe, hivyo ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka ina Zakaah.

Mwenye wake wawili aongeze uangalifu. Watoto wa mke mdogo wa Mbagala na wa mke mkubwa wa Tandale ni watoto wake sawasawa, wala kuishi na mama yao si sababu ya kiwanja.

Ikiwa mzee ameshafariki na neno la "alinipa" halina makabidhiano wala mashahidi, anayedai hana ila kuwaomba warithi wenzake. Kila mrithi baleghe ana haki ya kuachia fungu lake kwa ridhaa yake, lakini fungu la yatima haliachiwi na mtu yeyote, hata mama yao. Wakishindwa kuelewana, wawaendee masheikh wa eneo lao kwanza kwa suluhu. Isipopatikana, mashauri ya mirathi kwa Dar es Salaam husikilizwa katika Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichopo Temeke, na huko waende na shajara ya warithi wote, wakiwemo dada.

Na Allaah Anajua zaidi.