Ticha kwa Tripu Si Abiria: Hii Ndiyo Kazi Yake

Unakumbuka tripu za shule? Mnaimba mpaka koo zinakauka, mkate na soda zimeisha hata kabla mfike Limuru. Na kuna ticha hapo mbele, kila basi likisimama anahesabu vichwa. Ulimwona anaboo tu, si ndio? Sasa skia alikuwa anafanya nini.

Chukua Hell's Gate, pale Naivasha. Ni moja ya mbuga chache Kenya ambapo unaruhusiwa kutembea ama kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Ndio maana mashule hupenda huko.

Kazi ya ticha huanza kabla basi liwashwe. Anafaa kujua nani ana pumu, nani anameza dawa, na simu ya mzazi wa kila mtoi.

Mkifika, anakufungua macho. Bila yeye, Fischer's Tower ni jiwe tu la kupigia selfie. Yeye anakuonyesha pimbi kwa hayo mawe, kisha anauliza: huyu mdogo kama sungura, ndugu yake ni nani? Ndovu! Na ule moshi mweupe wa Olkaria si moshi. Ni mvuke kutoka chini ya ardhi, unazungusha mitambo ya stima, hiyo hiyo unachajia simu. Ukiskia hivyo ukiwa hapo, husahau.

Halafu kuna kazi ngumu zaidi: kusema zii. Lile korongo linavutia, lakini ni jembamba. Mvua ikinyesha mbali huko juu, maji yanaweza kushuka kwa kasi hata kama ulipo kuna jua. Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba mle ndani. Kwa hivyo ticha akicheki mawingu aseme "leo hatushuki," mbogi nzima itanuna. Wacha inune.

Usiseme hiyo ni kazi ya askari wa KWS ama gaidi wa kuwatembeza. Hao wanajua mbuga. Ticha ndiye anawajua nyinyi: nani ni mwoga, nani hupenda kuchomoka kisirisiri.

Kama wewe ni ticha mpya, ama umeombwa upeleke watoi wa mtaa matembezi, shika hizo tatu: hesabu, uliza, kataa. Na kama bado una namba ya yule ticha wako, mpigie. Mwambie asante kwa kukurudisha home.