Kiwanja Kilichouzwa kwa Dola Moja

Leesburg ni mji mkuu wa Kaunti ya Loudoun katika jimbo la Virginia, kilomita hamsini na kitu kaskazini-magharibi mwa Washington. Leo umekwisha kumezwa na vitongoji vya jiji hilo, lakini mwaka 1968 ulikuwa bado mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Mwaka huo Shule ya Sekondari ya Douglass, ambayo tangu 1941 ndiyo pekee iliyofundisha watoto weusi wa kaunti nzima kwa ngazi ya sekondari, ilitoa wahitimu wake wa mwisho, kisha ikafungwa. Waliosoma hapo wanapoikumbuka husema mambo mawili ambayo msikilizaji wa haraka huona yanagongana: kwamba walidhulumiwa kwa kutengwa, na kwamba waliipenda shule ile na kufungwa kwake kunawauma hadi leo. Wengi wetu huchukua neno moja na kuliacha la pili. Ninavyoona mimi, yote mawili ni kweli kwa pamoja, na asiyeyashika yote mawili hataelewa ubaguzi ulivyokuwa wala namna ulivyokomeshwa.

Tuanze na kiwanja, maana shule hii haikuletwa na serikali. Miaka ya 1930 watoto weusi wa Leesburg walisomea katika jengo la mbao kwenye Mtaa wa Union, kuukuu, ambalo wazazi walilihofia kwa hatari ya moto. Walipoona maombi yao hayasikilizwi, wazazi wa kaunti yote waliunda umoja wao, wakachanga, wakanunua kiwanja kwa dola 4,000, kisha wakakikabidhi kwa kaunti kwa bei ya dola 1 ili isiwe na kisingizio cha kutojenga. Walimtafuta pia wakili Charles Hamilton Houston, mzaliwa wa Washington aliyekuwa ameongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, awasaidie kuibana bodi ya elimu. Houston ndiye mwalimu wa Thurgood Marshall, yule yule ambaye mwaka 1960 aliwasaidia viongozi wa Kenya huko London kuandika sura ya haki za raia katika katiba yao. Jengo lilipokamilika, wazazi walirudi tena mifukoni mwao kwa ajili ya samani na vifaa. Tuwafikirie watu hawa: walikuwa walipa kodi kama wengine, na kodi yao ilikwishajenga shule za watoto wa wazungu. Shule ya watoto wao waliilipia mara ya pili.

Sasa tupige hesabu ya miaka. Mhitimu wa 1968 aliyemaliza akiwa na umri wa miaka 18 alizaliwa 1950. Tarehe 17 Mei 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotamka katika kesi ya Brown kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, yeye alikuwa hajaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo masomo yake yote, tangu herufi ya kwanza hadi cheti cha mwisho, aliyapata ndani ya mfumo ambao sheria ya juu ya nchi ilikwisha kuuhukumu. Virginia ilichagua kupinga. Mwaka 1958 jimbo lilifunga shule kadhaa za wazungu ili tu mtoto mweusi asiingie, na Kaunti ya Prince Edward ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964. Hata Arlington, ng'ambo tu ya Mto Potomac kutoka Washington, ilipokea wanafunzi wanne weusi wa kwanza katika shule ya wazungu tarehe 2 Februari 1959, kwa amri ya mahakama. Loudoun ilivuta miguu hadi mahakama ya shirikisho ilipoilazimisha. Wahitimu wa mwisho wa Douglass walimaliza majuma machache baada ya Martin Luther King kuuawa na mitaa ya Washington kuungua moto.

Watasema wengine kwamba wazee husifu ujana wao popote walipokulia, na kwamba mapenzi haya kwa Douglass ni ya kawaida, si ushahidi wa lolote. Hoja hii ina uzito wake, maana kumbukumbu ya mtu huchagua. Lakini wahitimu hawa hawasifu kila kitu. Hao hao wanaowasifu walimu wao ndio wanaosimulia vitabu vilivyochakaa vilivyokwisha kutumiwa na shule za wazungu, na mabasi yaliyowapitisha mbele ya shule zilizokuwa karibu na kwao. Tena kuna karatasi. Mradi wa Edwin Washington umekusanya nyaraka za shule za watu weusi za kaunti hiyo, zikiwemo barua ambazo wazazi waliiandikia bodi ya elimu kuomba waliyonyimwa. Barua zile ziliandikwa na watu wazima, wakati mambo yenyewe yakitendeka, nazo zinakubaliana na wanayoyasema wahitimu. Na mwaka 1996 mtafiti Vanessa Siddle Walker alichapisha kitabu kuhusu shule ya aina hiyo katika jimbo jirani la North Carolina, akionyesha kwamba shule zilizonyimwa fedha ziliweza kuwa na walimu hodari waliomjua kila mzazi na kumtaka kila mtoto afike mbali. Ushuhuda wa Leesburg haukusimama peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa wana nia njema: ukiisifu shule ya kibaguzi, unamwachia mbaguzi mlango wazi. Atasema, mnaona, walikuwa na raha yao kule. Jibu liko kwenye ile dola moja. Mema yote ya Douglass yanayotajwa na wahitimu yalitoka kwa wazazi na walimu. Mabaya yote yalitoka kwa bodi iliyowatenga. Kuwasifu wa kwanza si kuwasafisha wa pili. Kinyume chake, kadiri shule ilivyokuwa nzuri ndivyo uongo wa ubaguzi unavyofichuka, kwa kuwa mfumo ule ulisimama juu ya dai kwamba watoto hawa na walimu wao ni duni.

Na ndiyo maana namna shule zilivyounganishwa inastahili kuulizwa. Kuunganisha kulikuwa haki, na kulichelewa. Lakini kwa nini mzigo wote ubebwe na upande mmoja? Katika maeneo mengi shule iliyofungwa ilikuwa ya weusi, jina lililofutwa lilikuwa la kwao, na walimu waliopoteza kazi walikuwa wao: watafiti wanakadiria kuwa walimu na walimu wakuu weusi wapatao 38,000 waliondolewa katika majimbo 17 kati ya 1954 na 1965. Ikidaiwa kwamba majengo yao hayakufaa, basi tuyatazame majengo yenyewe. Lile la Douglass liliendelea kutumiwa na kaunti kwa shughuli nyingine za elimu. Lile la Shule ya Carver mjini Rockville, upande wa Maryland, likageuzwa kuwa ofisi za idara ya elimu ya Kaunti ya Montgomery. Yaliwafaa maofisa na hayakuwafaa wanafunzi wa rangi zote?

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana. Mkenya Mbiyu Koinange alisoma Hampton, katika jimbo hilo hilo la Virginia, kabla ya kurudi nyumbani na kuanzisha chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939, kwa michango ya wananchi walioichoka elimu ya kukatiwa kipimo na wakoloni. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952 pamoja na shule huru za Wakikuyu. Baada ya uhuru, shule za Harambee zilijengwa kwa mtindo ule ule wa mzazi kutoa alichonacho. Nyingi kati yake zimepandishwa daraja, zimepewa jina jipya au kuingizwa serikalini, na majina ya waliotoa ardhi hayamo hata kwenye ubao wa lango.

Septemba 2020 viongozi wa Kaunti ya Loudoun na wa shule zake walitia saini barua ya kuwaomba radhi watu weusi kwa utengano ule na kwa ukaidi wa kutoukomesha. Radhi ni jambo jema, ila haitoshi bila ushuhuda wa waliotendewa. Waliozaliwa mwaka 1950 wamekwisha kupita miaka sabini na mitano. Wenye vinasa sauti, maktaba na fedha za utafiti, wa Leesburg na wa kwetu, wawafuate wazee hawa sasa, wawaulize majina ya walimu wao na ya waliochangia kiwanja, na wayaandike.