Vyuo, Vijitabu na Karatasi za Binafsi katika Historia ya Pwani ya Kenya

Mtafiti atakaye kuandika historia ya pwani ya Kenya kwa desturi huanza na majalada ya serikali. Majalada hayo yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, idara iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965. Thamani yake ni kubwa, lakini sauti isikikayo humo zaidi ni ya mtawala: kodi, mashauri, mipaka na ripoti za wilaya. Sauti ya mtawaliwa yapasa kutafutwa kwingine, nako ni katika vyuo vilivyoandikwa kwa mkono, vijitabu, na karatasi zilizobaki majumbani. Makala haya yanakusudia kueleza kila aina huhifadhi nini, na kwa nini wanalugha wana jukumu maalumu katika kazi hii.

Tuanze na karatasi za binafsi. Mfano ulio bora ni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Muyaka alitunga kuhusu mambo ya mji wake: ushindani wa Mombasa na Lamu, utawala wa Mazrui, na vita vyao na Seyyid Said, aliyeitwaa Mombasa mwaka 1837. Zaidi ya miaka arubaini baada ya kufa kwake, mashairi hayo yalikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtaalamu wa Mombasa, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Mwalimu Sikujua hakutosheka na kunakili beti. Alieleza pia maneno yaliyofumbwa na visa vilivyosababisha baadhi ya tungo. Karatasi za Taylor zikaishia London, na kutokana nazo William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana juu ya mshairi huyo. Kama zingalisalia beti tupu bila maelezo ya Sikujua, nyingi zingalibaki mafumbo, na historia iliyomo ingalipotea ingawa maneno yenyewe yapo.

Habari za Pate zatoa funzo la upande wa pili. Yasimuliwa kwamba chuo cha asili kilichohifadhiwa na watawala wa Witu kiliangamia Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890. Masimulizi yaliyopo yanatokana na nakala na kumbukumbu, hasa za Bwana Kitini. Stigand alichapisha tafsiri ya Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akafuatisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri. Nakala hizo hazikubaliani katika kila jambo, hasa miaka ya wafalme, wala asili haipo ya kuamua baina yao.

Ama vijitabu na magazeti madogo, hayo huhifadhi mjadala wa siku zake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Humo alijadili elimu, mila, biashara na hali ya Waislamu wa pwani chini ya ukoloni. Karatasi kama hizo husomwa, hukunjwa, na aghalabu hutupwa. Makala za Sahifa zilidumu zaidi kwa sababu baadhi yake zilikusanywa katika kijitabu Uwongozi. Historia ya Mazrui aliyoiandika kwa Kiarabu ilibaki mswada alipofariki mwaka 1947, nayo haikuchapishwa ila mwaka 1995.

Hapa ndipo mwanalugha anapohitajiwa. Hati za Kiarabu, kwa mtindo wake wa kale, hazipambanui sauti zote za Kiswahili. Irabu *i* na *e* zaweza kuandikwa kwa alama moja, kadhalika *u* na *o*. Na herufi *ba* yaweza kusimama mahali pa *b*, *p* au *mb*. Neno moja lililoandikwa laweza kusomwa *baba*, *papa* au *pamba*. Muktadha na ujuzi wa lahaja ndivyo viamuavyo. Kwa hiyo kila unukuzi katika hati za Kirumi ni fasiri, na anayeutupa mswada baada ya kuunukuu ameitupa njia ya kuwasahihisha wanukuzi.

J. W. T. Allen alikusanya miswada mingi kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Katika miaka ya karibuni miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha, vyuo vyenyewe vikabaki kwao. Utaratibu huu wastahili kuigwa, kwani huihifadhi matini bila kumnyang'anya mwenyewe amana yake.

Hata hivyo, picha peke yake haitoshi. Yapasa kuandikwa chuo kilitoka nyumba gani, nani alikinakili, na wazee wanakisomaje. Kwa kifupi, kufanya alilolifanya Mwalimu Sikujua. Idara za Kiswahili nazo hazina budi kufundisha usomaji wa hati za Kiarabu, kwani wajuao kuzisoma kwa lahaja za kale wanazidi kupungua, na mchwa na unyevu wa pwani havingoji. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata daftari, likikosa msomaji, hupotea lingali mkononi.