Viuavijasumu na Ukwanguaji wa Ukoga katika Tiba ya Fizi: Hali ya Kitui na Makueni

Makala haya yanakusudia kufafanua jambo ambalo wengi wetu tuliokulia Kitui na Makueni tumelishuhudia bila kulielewa. Mtu hutokwa na damu kwenye fizi kila apigapo mswaki. Huenda duka la dawa, akanunua vidonge vichache vya viuavijasumu, akapata nafuu, kisha damu ikarejea.

Kiini cha tatizo ni ukoga. Wengi huuona kuwa uchafu wa meno tu, kumbe ni makazi ya bakteria waliojifungia katika utando unaonata, ambao hatimaye hushika madini ya mate ukawa mgumu kama jiwe. Dawa imezwayo hufika ufizini kwa njia ya damu, lakini huupenya utando huo kwa shida. Bakteria wanaosalia huzaana upya. Ndiyo maana daktari wa meno huanza kwa kuukwangua ukoga, juu ya ufizi na chini yake, hadi kwenye mzizi wa jino. Utando ukishavunjwa, wagonjwa wengi hupata nafuu bila kumeza kidonge hata kimoja, mradi wapige mswaki ipasavyo kila siku.

Je, viuavijasumu havina nafasi? Vinayo, ila ni finyu. Mwongozo wa wataalamu wa fizi wa Ulaya wa mwaka 2020 haupendekezi vitolewe kwa kila mgonjwa. Hufikiriwa kwa wachache, hasa vijana ambao mfupa unaoshikilia meno yao umeliwa pakubwa. Hao aghalabu hupewa amoksilini pamoja na metronidazoli kwa muda wa wiki moja hivi, sambamba na ukwanguaji wala si badala yake.

Kwetu, tofauti hii ina uzito. Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha mwaka 1988 uchunguzi wa watu wazima wa Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Ukoga na uvimbe wa fizi vilikuwa vimeenea mno, ilhali uharibifu mkubwa ulijikusanya kwa watu wachache. Kumpa kila avujaye damu dawa ya hao wachache ni kuwazoesha bakteria kuistahimili amoksilini, dawa ile ile anayotegemea mtoto mwenye nimonia.

Lugha nayo hutupotosha. Wengi huiita kila damu ya fizi kiseyeye, jina la ugonjwa wa upungufu wa vitamini C, na Makueni yenyewe inasifika kwa machungwa na maembe! Vilevile, madoa ya kahawia yatokanayo na floraidi ya baadhi ya visima vya huku hudhaniwa kuwa ukoga. Hayo yamo ndani ya jino lenyewe na hayakwanguliki, wala hayatibiwi kwa kidonge chochote.