Mali Bila Daftari, Daftari Bila Lugha

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali nzuri, na ingefaa kubandikwa katika kila darasa la uhasibu nchini. Hata hivyo, kuna jambo ambalo haikulisema: daftari nalo lisiposomeka kwa wenye mali, kinachoweza kupotea ni imani, na imani ikishapotea, mali haikai.

Nililishuhudia jambo hili Rongo, katika Kaunti ya Migori, jamaa yangu aliponialika kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka wa chama cha akina mama wanaouza nafaka. Msomaji aujuaye mji huo anafahamu kwamba umekaa katika barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori hadi mpaka wa Tanzania kule Isebania. Kwa hivyo, katika chama kile walikuwamo Wajaluo, Wakisii na Wakuria, na lugha ya mkutano ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo wote waliielewa.

Hesabu za mwaka zilikuwa zimeandaliwa na mtoto wa mmoja wao, kijana wa mwaka wa tatu katika shahada ya biashara, aliyechagua mkondo wa uhasibu na fedha. Kazi yake ilikuwa safi. Safu zote zililingana hadi senti ya mwisho. Lakini aliziandika kwa Kiingereza, na alipofika penye matumizi, akataja shilingi 12,000 kwa neno moja refu la lugha hiyo. Mama mmoja mzee akainua mkono.

"Mwanangu," akauliza, "hizo elfu kumi na mbili alipewa nani, na risiti iko wapi?"

Kijana akalirudia neno lilelile, mara hii kwa sauti kubwa zaidi. Macho yote yakamgeukia mweka hazina. Maskini mama huyo, ambaye hakuwa amegusa hata ndururu, akaufungua mkoba wake na kuanza kutafuta risiti ambayo haikupata kuandikwa.

Hapakuwa na wizi wowote. Chama kilikuwa na mashine ya kusaga unga, iliyonunuliwa kwa shilingi 120,000 na kukadiriwa kwamba ingetumika kwa miaka 10. Mhasibu huigawa bei ya kitu kama hicho katika miaka yote ya matumizi yake, ili kila mwaka ubebe fungu lake la gharama. Fedha hazitoki tena sandukuni. Zilitoka siku ya ununuzi. Kinachopungua ni thamani ya mashine. Kiswahili kina neno la jambo hili, nalo ni uchakavu. Nilipolitaja, yule mama mzee akaangua kicheko.

"Kumbe ni kuchakaa! Hata mimi ninachakaa, na sijamlipa mtu."

Mkutano ukaendelea. Lakini nilijiuliza: lau pasingekuwa na mtu wa kulitaja neno hilo, mweka hazina yule angerudi nyumbani na jina gani?

Simlaumu kijana. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, na mihadhara yake vilevile. Hata akihitimu, shahada pekee haimfanyi mhasibu aliyesajiliwa. Atakabiliwa pia na mitihani ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, nayo hufanywa kwa Kiingereza. Wapo watakaoniambia kwamba Kenya ilivikubali viwango vya kimataifa vya uhasibu mwaka 1999, na kwamba soko la kazi halina haja na Kiswahili changu. Kiingereza wala sikikatai. Ninachouliza ni hiki: hesabu huandaliwa kwa ajili ya nani? Nijuavyo mimi, mhasibu ni mtu anayetoa maelezo kwa mwenye mali. Mwenye mali asipoelewa, mhasibu hajaimaliza kazi yake, hata kama safu zake zimelingana.

Wala tusidai kwamba lugha haina maneno. Kiswahili hakikuanza biashara jana. Hesabu, daftari, stakabadhi, amana na rehani zilitufikia kupitia Kiarabu. Hundi ilitoka Bara Hindi. Rasilimali ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali, na neno la Kiingereza la mtaji latokana na neno la Kilatini lenye maana iyo hiyo ya kichwa. Mizania imetokana na mizani, na mwanafunzi alijuaye neno hilo huiona picha yote: mali upande huu, madeni na mtaji upande ule, na pande zote mbili zikilingana. Ng'ambo ya Isebania, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hujadiliwa bungeni na magazetini kwa Kiswahili, na hesabu haziharibiki.

Tena historia yenyewe ya taaluma hii inatuumbua. Mwaka 1494, mtawa Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu kilichoeleza namna ya kuandika kila muamala mara mbili, utaratibu ambao wanafunzi wetu huukariri hadi leo. Hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa zama zake. Alikiandika kwa Kiitalia, lugha ambayo wafanyabiashara waliielewa.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi ninapendekeza jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa. Kila mwanafunzi wa uhasibu, kabla ya kuhitimu, aandae hesabu za chama halisi, kisha azisome kwa Kiswahili mbele ya wanachama wenyewe, mhadhiri wake akiwa amekaa nyuma. Maswali ya akina mama yahesabiwe katika alama. Nasi walimu wa Kiswahili tutoke katika vyumba vyetu, tuketi na wenzetu wa biashara, tuwape maneno nao watupe maana.

Kuhusu kijana wa Rongo, kabla hatujaagana aliichukua nakala yake, akalifuta lile neno refu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: uchakavu. Kisha akaniuliza maneno mengine 11. Mawili sikuyajua, na ilinibidi nikayatafute.