Upana wa Kioo, Upana wa Kupita

Nyumba nyingi za Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, humaliziwa kwa kuiwahi Desemba. Watoto walioko Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo wanarudi kula Krismasi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na mwaka ambao mama ameanza kulalamikia magoti, kazi kubwa huwa ni bafu la ndani. Hapo ndipo linapokuja suala la mlango wa shawa: kioo kipana cha slaidi, kama kile walichokiona hotelini. Ni chaguo zuri. Ila wengi wananunua kwa kutazama upana wa kioo, ilhali anayeoga anahitaji upana wa kupita, na viwili hivyo havilingani.

Chukua nafasi ya sentimita 150 kutoka ukuta hadi ukuta. Mlango wa kawaida wa slaidi una vioo viwili: kimoja kimesimama, kingine kinateleza mbele yake. Hata ukiufungua wote, nusu ya nafasi inabaki imezibwa. Ondoa sehemu ambapo vioo vinapishana, ondoa mpini unaokizuia kioo kisifike mwisho, unabakiwa na sentimita 65 hivi. Kijana anapita bila kuwaza. Mama mwenye mkongojo, binti yake amemshika mkono, inabidi wapite ubavuubavu, na sakafu imelowa. Kiti cha magurudumu kinataka takribani sentimita 80, kwa hiyo nafasi ya ukuta kwa ukuta isipungue 175 au 180. Ipo aina ya vioo vitatu, viwili vikiteleza na kujipanga kwenye kile kilichosimama, nayo hufungua karibu theluthi mbili, lakini ina reli na vigurudumu vingi zaidi vya kuharibika. Chini ya sentimita 120 mimi nisingeweka slaidi kabisa. Pazia zito lingefaa zaidi, au kioo kimoja kilichosimama bila mlango.

Sifa ya slaidi ni kwamba haili nafasi ya sakafu. Mlango wa bawaba ukifunguka unagonga sinki au bakuli la choo, kwa sababu bafu zetu nyingi zina vyote chumba kimoja. Na huku juu mlimani kuna jambo ambalo wa Dar hahangaiki nalo: baridi ya Juni na Julai. Kioo kinachofunga kinazuia mvuke wa maji ya moto usitawanyike, na mzee anaoga bila kutetemeka. Ndiyo maana kwa nyumba ya wazazi naona mlango una thamani kuliko uwazi mtupu, mradi nafasi ya kupita itoshe.

Kioo chenyewe kiwe cha tempa, hilo halina mjadala. Hupashwa joto kupita nyuzi 600 kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Ngozi yake ya nje hujibana na kukifanya kiwe kigumu mara kadhaa kuliko kioo cha dirisha. Kikivunjika hugeuka vipande vidogo kama punje, si visu. Lakini kikishapitia tanuri hakikatwi wala hakitobolewi tena, ukijaribu kinasambaratika chote. Ndiyo maana vipimo vichukuliwe baada ya lipu na marumaru kukamilika, si kabla. Fundi apime juu, katikati na chini, aweke timazi ukutani, kwa kuwa kuta chache sana zimesimama wima kweli. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kuagizia. Udhaifu wa tempa uko kwenye kingo: wakati wa kukipandisha mlimani kutoka Uchira, kule chini, kisafirishwe kimesimama, kimefungwa vizuri, na kikishushwa kiegemezwe juu ya mbao au katoni. Kona yake ikigonga marumaru, inatosha kukimaliza.

Uzito nao usidharauliwe. Kila mita ya mraba ya kioo cha milimita 8 ni kilo 20; kipande cha sentimita 90 kwa mita 2 kinafika kilo 36, na chote kinaning'inia kwenye vigurudumu viwili. Reli ya juu ifungwe kwa fisha na skurubu ndefu zinazoingia kwenye tofali lenyewe, zisiishie kwenye lipu. Mzee naye asiachwe ategemee mpini wa mlango kujiinulia. Afungiwe bomba la chuma ukutani, pembeni ya shawa, kabla ya yote hayo.

Kuhusu reli, nasisitiza ile ya juu. Milango ya bei nafuu hutembea kwenye mfereji wa chini, na udongo wetu mwekundu unaingia nao bafuni kila mtu anapotoka shambani. Ukichanganyika na sabuni unakuwa tope, vigurudumu vinakwama, mtu anasukuma kwa nguvu, mlango unatoka kwenye njia yake. Mlango unaoning'inia unahitaji kishikizi kidogo tu pale chini, na sakafu inaweza kubaki bila kizingiti cha kujikwaa. Badala ya kizingiti, fundi wa marumaru aipe sakafu mteremko unaoelekea kwenye tundu la maji, na aimwagie maji ndoo nzima kabla hajalipwa.

Raba za pembeni na silikoni hubadilishwa, si za maisha. Vigurudumu pia. Muuzaji asipokuwa na uhakika wa kupata tena vigurudumu vya aina hiyohiyo, nunua seti mbili siku hiyohiyo, uweke moja kabatini kwa mama, na umwoneshe fundi wa pale kijijini jinsi inavyofungwa kabla hujapanda basi kurudi mjini.