JUALA: MGENI ASIYETAKA KUONDOKA

Wahenga walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Hakuna kitu kinachoithibitisha methali hii kama mfuko wa plastiki. Najua kuna watakaoguna, "Ah, si hiyo ilipigwa marufuku zamani!" Naam, ilipigwa. Lakini hebu tulieni niwaeleze, maana jambo lenyewe ni pana kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jina. Wengi wetu twauita mfuko huu juala, na wengine husema "karatasi", ingawa si karatasi hata kidogo. Karatasi hutokana na mti na ikinyeshewa huoza. Juala hutengenezwa kwa poliethilini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli au gesi asilia. Poliethilini inayofaa kutengenezwa viwandani iligunduliwa kwa bahati tu huko Uingereza mwaka 1933. Baadaye, mwaka 1965, kampuni moja ya Uswidi ikapata haki ya ubunifu wa mfuko mwepesi wenye vishikio viwili, uliobuniwa na mhandisi Sten Gustaf Thulin. Basi dunia nzima ikaupokea kwa mikono miwili, kwani ulikuwa mwepesi, hauvuji na dukani ukapewa bure.

Sasa ubaya wake ni upi? Ubaya ni kwamba hauozi. Vijidudu vya udongoni vinavyoozesha jani la mgomba haviwezi kuitafuna plastiki. Jua huikausha na kuikatakata vipande vidogo vidogo, lakini vipande hivyo bado ni plastiki ile ile. Ukiizika, inazuia maji na mizizi. Ukiichoma, moshi wake una sumu. Ukiitupa mtaroni, inaziba njia ya maji, na mvua ikinyesha mtaa unafurika. Maji yakituama ndani yake, mbu wanapata pa kutagia. Ikifika baharini, kasa huidhania ni yavuyavu, akaimeza.

Mfugo naye hasazwi. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Yeye hukusanya majani kwa ulimi na kumeza bila kuchambua. Juala lenye harufu ya chakula au chumvi linakwenda pamoja na nyasi hadi katika tumbo lake kubwa, na huko halisagiki wala halitoki. Mnyama huhisi ameshiba, akakonda, maziwa yakapungua. Mjomba wangu alimpoteza mtamba wake kwa njia hii. Alipopasuliwa, daktari wa mifugo alitoa fundo la majuala yaliyosokotana, ukubwa wake kama mpira wa kandanda. Mjomba alikuwa akitarajia mtamba huyo ndiye angelipa karo ya binamu yangu.

Nchi yetu haikukaa kitako. Hatua zilizochukuliwa mwaka 2007 na 2011, ambazo zililenga ile mifuko myembamba tu, hazikufua dafu. Hatimaye, tarehe 28 Agosti 2017, marufuku kamili ya mifuko ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa. Adhabu yake si mchezo: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Jirani zetu Rwanda walikuwa wametutangulia mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019.

Lakini marufuku hiyo iliacha nje plastiki inayofungiwa bidhaa kiwandani. Ndiyo maana karatasi ya mkate bado iko, na ya biskuti iko. Tazameni nyuma ya jikoni ya shule yetu siku ya Jumatatu asubuhi mjionee wenyewe. Upepo unazipeleka wapi? Moja kwa moja hadi kwenye nyasi za ng'ombe wanaotupa maziwa ya chai.

Je, tutumie nini badala yake? Hapa ndipo wengi hukosea wakidhani kila kisicho plastiki ni kizuri. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Uingereza lilitoa utafiti uliolinganisha mifuko kwa kiasi inavyochangia ongezeko la joto duniani. Ilionekana kuwa ili mfuko ulingane na juala lililotumika mara moja tu, mfuko wa karatasi ni lazima utumike mara 3, na ule unaofanana na kitambaa, uliojaa madukani siku hizi, mara 11. Wa pamba ni mara 131! Kwani pamba hulimwa, humwagiliwa maji na husokotwa viwandani. Tena ule wa kama kitambaa ni plastiki pia. Mwaka 2019 NEMA ilitangaza kuupiga marufuku kwa sababu uliokuwa ukitengenezwa ulikuwa duni, haudumu.

Kwa hiyo siri si mfuko gani umenunua, bali umeutumia mara ngapi. Hapo ndipo kiondo kinaposhinda. Nyanya yangu ana kiondo cha mkonge alichokisuka kabla mimi sijazaliwa, na hadi leo anakibeba sokoni kila wiki. Mara 131 alizipita zamani sana! Ndugu zetu wa pwani nao wana vikapu vyao vya ukili. Mama mboga hakudai ununue mfuko mpya ukiwa umekuja na kikapu chako.

Naomba basi mambo mawili. Kwanza, kila bweni liwe na gunia la kukusanyia karatasi za mkate na biskuti, lifungwe vizuri kabla ya kutolewa nje. Pili, wenzangu wa Chama cha Kiswahili tuombe kantini itufungie maandazi kwa karatasi halisi, au kila mtu aje na kibakuli chake. Ni kazi ndogo, haihitaji pesa za wizara wala askari wa NEMA. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu, ndugu zangu, tutaujenga sisi tulio vijana leo.